Jina Moja Nililolibadilisha Katika Daftari la Mguu wa Baba Yako

Mwanangu Rashidi,

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile nilizokufundisha kwenye ubao kabla hujapelekwa shule ya serikali Lindi. Najua mkono wako sasa umezoea herufi za Kizungu, na huenda barua hii ikakuchukua muda kuisoma. Isome polepole. Nimeianza baada ya sala ya alasiri, wewe ukiwa umekwenda kuwaaga ami zako, na nataka iishe kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona usoni sitaweza kuendelea.

Habari za safari yako ya Kilwa, kwenye kazi ya ukarani bomani, sina la kuongeza. Shangazi yako amekwisha kukuambia ule nini, ulale wapi na usimkopeshe nani. Mimi nina jambo jingine, na nimelikalia miaka saba.

Unakumbuka siku ya tatu ya msiba wa baba yako, alikuja mtu mzima mwenye fimbo, kutoka Kitomanga. Wewe ulikuwa barazani pamoja na wanaume. Mimi nilikuwa chumbani, nimekaa eda, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema, "Mimi ni Mfaume. Nimekuja kumlilia ndugu yangu Selemani."

Nikakusikia na wewe, mwanangu ambaye sijapata kukusikia ukimvunjia heshima mkubwa. Ulisema, "Wewe ndiye uliyemtia baba yangu kilema. Huna ndugu hapa. Rudi ulikotoka."

Kisha yule mzee akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba umempa shikamoo. Nikasikia fimbo yake ikigonga mawe ya ua, ikaenda, mpaka sikuisikia tena.

Ningeweza kuita. Nilijiambia kwamba mwanamke aliye edani hapazi sauti mbele ya wanaume. Eda haikunifunga mdomo namna hiyo, Rashidi. Nilijificha nyuma yake.

Wewe hukukosa kwa ulivyojua. Tangu una miaka kumi umelelewa na habari moja: kwamba Mfaume alizembea kazini, toroli likaserereka, likamvunja baba yako mguu. Habari hiyo ni ya uongo. Mfaume hakufanya kosa lolote. Uongo huo niliuandika mimi, na babu yako, Mungu amrehemu, hakunifundisha kuandika kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Wewe unakumbuka njaa yake, maana ulikuwa ukifuatana nami porini kuchimba mizizi ya ming'oko, na siku tulizoikosa ulikuwa ukilala bila kulia, jambo lililonitisha kuliko kilio. Baba yako akaenda kuandikishwa shamba la katani la Mzungu, nasi tukahamia huko kwenye vibanda vya wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa ya toroli, yale magari ya chuma yanayosukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Walikuwa wakipakia katani mashambani na kuteremka nayo mpaka ghalani. Mwenzake alikuwa Mfaume. Mfaume alizaliwa Umatumbini, kule vita vilikoanzia, lakini alikuwa ameoa Kitomanga na mkewe, Zuhura, alikuwa jirani yangu mlango kwa mlango. Tuliitana somo. Tulikuwa tukitwanga kinu kimoja.

Toroli likisimama mtelemkoni, mtu wa nyuma hutia gogo chini ya gurudumu ili lisiondoke. Siku ile mtu wa nyuma alikuwa baba yako. Walisimama kupumzika, baba yako akaona nazi imeanguka kando ya reli. Alikuwa hajala tangu jana yake. Akalichomoa lile gogo chini ya gurudumu, akaenda kuipasulia nazi.

Ni hivyo tu. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu. Alikuwa na njaa, na nazi ile alitaka kukuletea wewe nusu.

Toroli likaanza kwenda. Akaona, akakimbia, akaweka mguu pale ambapo gogo lingekuwa. Mfaume alikuwa mbele. Angeweza kuruka kando akajiokoa. Badala yake aligeuka, akalizuia kwa bega mpaka likapinduka nje ya reli, kisha akamtoa baba yako chini yake, akambeba mgongoni kutoka mtelemkoni mpaka mlangoni kwangu. Njia yote hiyo. Alipomshusha, shati la Mfaume lilikuwa limelowa damu hata rangi yake haikuonekana.

Daktari wa Kijerumani alikuwa akija shambani kutoka Lindi kila baada ya majuma mawili. Alimfunga baba yako mguu kwa vipande vya mbao, akasema kama usaha ukipanda juu ya goti utakatwa. Kisha akauliza, "Nani hapa anajua kuandika?" Watu wakatazamana. Nikasema, "Mimi, bwana." Akasema, "Basi andika kila siku. Homa, usaha, harufu, amekula nini, amelala vipi, amesema nini. Kila kitu. Wagonjwa wanasahau, na mimi siko hapa."

Nikanunua daftari duka la Mhindi. Nakuambia kweli, mwanangu, nilijiona mtu. Nilikuwa nimetwanga na kuchota maji maisha yangu yote, na kusoma kwangu kulikuwa kwa Kurani na barua mbili tatu za majirani. Sasa Mzungu ananipa kazi ya kuandika. Niliandika kwa bidii. Bado nazikumbuka kurasa zile.

*Siku ya pili. Homa tangu adhuhuri. Ameomba maji mara nyingi. Hakulala.*

*Siku ya nne. Usaha wa kijani, harufu mbaya. Amekula uji vijiko viwili, ametapika kimoja.*

*Siku ya saba. Ameniuliza kama mguu bado upo. Nimemwonyesha.*

Na siku ya kwanza niliandika hivi, kwa kuwa niliambiwa niandike kila alichosema: *Homa kali. Anarudia maneno: gogo nilikuwa nalo mimi, nilipasulia nazi, mwambieni Mfaume anisamehe.*

Siku ya kumi msimamizi alipita vibandani. Toroli lilikuwa limeharibika, na gurudumu lake lingetoka Ulaya. Akasema bwana mkubwa wa serikali anakuja kusikiliza shauri, na aliyeliachia toroli atapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na kutiwa mnyororoni. Akamtazama baba yako kitandani. "Hata kama amelala," akasema.

Unajua hamsa ishirini. Umeona watu waliotoka kwenye kiboko kile. Baba yako alikuwa amebaki mifupa na homa. Asingefika fimbo ya kumi.

Zuhura alikuja jioni ile na unga wa muhogo ndani ya kikapu kidogo. Akaniambia, "Somo, usiogope. Mfaume amesema atawaambia toroli liliondoka lenyewe, reli ilikuwa imelowa. Watafoka, basi." Nikamshukuru. Nikaupika unga wake, tukala.

Kisha nikafumua uzi wa daftari, nikaitoa karatasi ya kwanza, nikaandika nyingine kwa wino ule ule. Homa niliiacha. Nazi niliitoa. Sentensi moja niliibadilisha jina: *Anarudia maneno: gogo alikuwa nalo Mfaume.*

Kwa nini sikuingoja ile hila ya Mfaume? Nimejiuliza swali hilo nikifua, nikilima, nikiswali. Niliogopa haitatosha. Na lipo jibu jingine ambalo ni baya zaidi, nalo nimekuahidi kimoyomoyo kwamba sitalificha. Nilijua Mfaume ni mtu wa Umatumbini. Nilijua siku zile mtu wa kule akishitakiwa, shauri lake haliwi refu. Sikumchagua kwa kuwa nilimchukia. Nilimchagua kwa kuwa alikuwa ndiye rahisi kuaminiwa kuwa na kosa. Huko unakokwenda utawakuta watu kama hao kila siku mbele ya meza yako, na utaona jinsi kalamu inavyoteleza yenyewe kuelekea kwao. Mimi nimeisikia ikiteleza.

Shauri lilifanywa kwenye ukumbi wa ghala. Baba yako alibebwa na kitanda chake. Akida alilisoma daftari langu kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, usaha, uji, matapishi, na watu walisikiliza kama wanasikiliza hotuba. Daktari alikuwepo. Akasema, "Daftari hili ni la kweli. Nimelilinganisha na jeraha mwenyewe." Na alisema kweli kwa alivyojua. Siku tisa nilikuwa nimeandika bila kuongeza wala kupunguza. Kurasa hizo za kweli ndizo zilizoubeba uongo wangu mmoja mpaka ukapita. Mwandishi mwongo wa siku zote asingeaminiwa.

Bwana mkubwa akamuuliza Mfaume, "Una neno?"

Mfaume akasema, "Bwana, mwenye maneno hayo yuko hapa hai. Muulizeni yeye."

Wakamgeukia baba yako. Yeye hakumtazama bwana wala Mfaume. Alinitazama mimi, niliposimama na wanawake. Hakujua chochote mpaka dakika ile. Nilimsomea kurasa zote isipokuwa ile ya kwanza. Niliona akielewa. Alifungua mdomo, nami nikatikisa kichwa kidogo tu, hivi, kumwambia asiseme.

Akasema, "Sikumbuki, bwana. Nilikuwa na homa."

Bwana mkubwa akauliza, "Huyu Mfaume kwao wapi?" Wakamwambia. Akaandika.

Sikungoja. Nilirudi nyumbani, nikawasha moto, nikakaa mbele yake bila chungu. Huko ghalani walikuwa wakihesabu kwa sauti. Wewe ulikuja ukaniuliza, "Mama, wanahesabu nini?" Nikakuambia magunia.

Walimchukua Lindi na mnyororo shingoni, miezi sita. Zuhura alihama vibandani siku ile ile aliyorudishiwa mumewe. Alipita mlangoni kwangu akiwa na kitanda kichwani, akasimama. Nilidhani atanitukana. Alisema, "Kwaheri, Binti Omari." Tangu siku hiyo sijawa somo yake.

Daftari niliendelea nalo mpaka mguu ukapona, miezi mingi. Daktari alilisifu. Baba yako hakuniuliza tena nimeandika nini. Hatukugombana, ungetukuta tukigombana ungekumbuka. Alinitendea wema mpaka mwisho, akala nilichopika, akanisalimia asubuhi. Ila kitu kimoja. Zamani alikuwa akipenda nimsomee, barua za watu, hadithi za manabii, chochote. Baada ya hapo nikishika karatasi alikuwa akinyanyuka na mkongojo wake na kwenda uani. Miaka saba, Rashidi. Uliniuliza siku moja kwa nini baba hapendi kusikiliza, nikasema masikio yake yamechoka.

Na kila mwaka baada ya mavuno alikwenda Kitomanga, akasema anakwenda kununua ufuta. Mguu ule, njia ile. Alirudi na ufuta kidogo sana. Sikuuliza.

Eda yangu ilipokwisha, nilikuambia nakwenda kumtazama binamu yangu. Binamu sikumwona. Nilikwenda Kitomanga kwa Mfaume.

Nilimkuta ameketi juu ya mkeka anasuka kamba. Zuhura alikuwa akipepeta mpunga. Mfaume akasema, "Karibu, shemeji. Pole kwa msiba," akataka kuinuka, na nikaona kwamba hainuki kama watu wengine. Anaanza kwa magoti, kisha mikono, mgongo unakuja mwisho.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Yote yakaniponyoka. Nikasema, "Nimekuja kusema habari ya daftari."

Akanikatiza. "Ile tumekwisha imaliza mimi na mumeo. Alikuja hapa mwaka ule ule niliofunguliwa. Alilia hapo hapo ulipokaa. Akaniambia, Mfaume, nilimwamuru mke wangu aandike jina lako, naye hakuweza kukataa amri ya mume. Nikamwambia, Selemani, nimesamehe. Kila mwaka akaja. Akanilimia hata shamba, na mguu ule."

Baba yako alikuwa ameubeba uongo wangu na kuufanya wake. Kila mwaka alikwenda kwa miguu kuombea msamaha kosa ambalo hakulitenda, na aliporudi hakunitupia hata neno moja. Na mimi, nikimwona anaondoka kila nikishika karatasi, nilikuwa nikisema moyoni kwamba ananichukia.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ujue kwamba wazo hilo lilinijia, hata hapo, kwa umri wangu huu. Baba yako alikuwa amekwisha kuilipa, Mfaume amekwisha kusamehe, na mimi ningeinuka pale nikiwa mke aliyelazimishwa. Lakini nikasema, "Hakuniamuru. Alikuwa na homa, hakujua. Niliandika mimi peke yangu, na ukurasa wa kweli niliuchoma jikoni."

Mfaume aliiweka kamba chini. Akasema, "Basi Selemani alinidanganya mara mbili." Akacheka kidogo, kicheko cha kumkumbuka mtu. Machozi yakamtoka. "Shemeji, nilipokuja msibani sikuja kudai kitu. Nilitaka kumwaga mchanga kwenye kaburi lake. Mwanao alinifukuza." Akaichukua tena kamba yake. Akasema, "Mimi nimesamehe. Siwezi kusamehe kwa vipande, huyu ndiyo na huyu sivyo. Nimesamehe."

Ungo wa Zuhura ulikuwa umesimama. Alisema bila kunitazama, "Yeye amesamehe mgongo wake. Mimi niliyeukanda sijasamehe."

"Zuhura," mumewe akasema.

"Niache. Mguu wa mumewe ulikuwa na daftari. Daktari alikuja, akida akasoma, watu wakajua alitapika uji siku gani. Mgongo wa mume wangu nani aliuandika?"

Rashidi, tangu siku ile sijapata usingizi mzuri, na sistahili. Miaka saba nilidhani aibu yangu ni lile jina moja. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba, nilipokuwa naandika usaha na homa, mwanamke mwenzangu, niliyetwanga naye kinu kimoja, alikuwa anaosha kidonda kingine ambacho nilikifanya mimi, bila dawa, bila daktari, bila mtu wa kumuuliza usiku umepitaje.

Sikukuambia haya uliporudi kutoka Lindi kwa sababu ulikuwa na furaha ya kazi yako, na kwa sababu niliogopa. Nimeogopa kwamba utanitazama kama baba yako alivyonitazama ghalani. Ukinitazama hivyo, nitavumilia. Sikuandikii ili unihurumie.

Unakwenda kuandika maneno ya watu wasiojua kuandika. Nitakuomba jambo moja la kazi yako, si zaidi. Ukishaandika neno la mtu, msomee mwenyewe kabla hajaondoka, mpaka aseme ndilo. Mimi ningemsomea baba yako ukurasa ule, asingeniruhusu. Ndiyo maana sikumsomea.

Na njia yako ya Kilwa inapita Kitomanga. Sikutumi. Wewe ni mtu mzima, na aliyefukuzwa ni mgeni wako, si wangu. Nakuambia tu kwamba nyumba yao iko upande wa kulia ukitoka huku, baada ya kisima, na kwamba Mfaume hajafika bado kwenye kaburi la baba yako.

Mimi nimerudi kule mara mbili baada ya siku hiyo. Mara ya kwanza Zuhura hakunikaribisha; nilikaa ukumbini na Mfaume, nikaondoka. Mara ya pili nilichukua daftari jipya na kalamu. Nilimwambia Zuhura, "Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja uniambie habari za mgongo, nami niandike. Tangu siku ya kwanza."

Akaketi. Akaanza kusema, na mimi nikaandika: jinsi alivyoufuata ule mnyororo siku ile ile mpaka nje ya boma la Lindi, akaruhusiwa kumwosha, jinsi shati lilivyoshikana na nyama, jinsi alivyolibandua kwa maji ya vuguvugu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na Mfaume akiuma kipande cha kamba ili asipige kelele mbele ya askari. Aliponyamaza akasema, "Soma."

Nikamsomea.

Akatikisa kichwa. "Hapo kwenye shati umepunguza," akasema. "Andika tena."

Nimeandika tena. Ijumaa nakwenda kumsomea.

Mungu akufikishe Kilwa salama, mwanangu.

Mama yako,
Binti Omari
Mchinga